Kanda Yako ya Matarumbeta, Baba

Baba,

Mashua yako bado iko juu ya magogo, pale pale ulipoiacha. Shee, mume wangu, ndiye anayeimalizia. Mjukuu wako hukumuona. Ana meno mawili sasa, na anacheka kama wewe, kwa pua.

Kanda yako ninayo. Ile ya bendi ya matarumbeta uliyonunua Kismayu, isiyo na mwimbaji, muziki laini ulioupenda mpaka Mama alikuwa akisema, "Mume wangu kaoa tarumbeta, mimi mpishi tu." Redio ilining'inia bandani, mafundi wakikalafati kwa pigo la lile tarumbeta la sauti nene, nyundo zote pamoja, pamba ikiingia sawasawa kati ya mbao. Aliyeharakisha ulimwambia, "Taratibu, we mchu! Mbao imekukosea nini?" Upande wa kwanza ukiisha, chai.

Redio haipo tena. Walikuja wale watu wa bara, wakakusanya redio zote za kisiwa chetu cha Chovai, wakazivunja ufuoni. Muziki haramu, wakasema. Jirani yetu Athumani alificha yake, wakamchukua. Mkewe bado anamwekea chakula.

Lakini mikono ya mafundi haikusahau, Baba. Waliendelea kupiga nyundo kwa nyimbo zile zile bila redio. Juzi mmoja wa wale watu akasimama mlangoni mwa banda, akasikiliza sana.

"Mbona mnapiga pamoja? Redio iko wapi?"

"Ni kazi tu, sheikh," Shee akamjibu. "Tafuta."

Akatafuta, akakosa. Akatabasamu. "Nitarudi."

Kwa hofu Shee akawaambia mafundi kila mtu apige kivyake. Jana wakaijaza mashua maji kuipima. Ikavuja kila mahali, pamba haikuingia sawasawa. Na hiyo ndiyo ya kutupeleka Lamu, sisi na mwana, kabla hawajarudi.

Sikulala. Asubuhi nikatoa kinu uani, ukuta mmoja na banda, nikaanza kutwanga mtama. Kwa pigo la wimbo wa tatu wa kanda, ule wa polepole ambao ulikuwa unafumba macho ukiusikia. Nyundo zikanyamaza. Kisha moja ikaufuata mchi wangu. Kisha nyingine. Kisha zote, Baba, zote! Nikatwanga nalia, mtama ukawa unga, na sikuacha. Nani atamkamata mwanamke kwa kutwanga?

Sijui. Pengine watamkamata.

Adhuhuri nilisikia injini ya boti upande wa Kismayu. Ikazimika kabla ya kufika. Hakuna aliyeshuka. Kuku wa jirani wote wameingia ndani na jua bado liko juu.

Shee anasema kanda niitupe baharini. Siwezi. Nimeishona ndani ya mto wa mwana, naye analala juu yake hajui kitu.

Kaburini sitakuja kukuaga, njia ya huko wamekaa wao. Nikuage hapa hapa, baba yangu. Lala salama. Nakuahidi mashua yako haitavuja, na mjukuu wako ataisikia kanda hii mchana kweupe, dirisha wazi, sauti juu, tukiwa huko Lamu.

Injini hiyo tena. Iko karibu sasa. Mishono ya mbao imebaki miwili kuzibwa.

Nachukua mchi.

Binti yako,
Fatuma