Kuku Aliyefagia Vumbi la Nyota

Jumatatu, 8 Februari 1999
Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu hadi mkono ukafa ganzi. Uji umepoa. Klabu yangu ya nyota ina wasichana sita na haina darubini. Ijumaa mkaguzi anakuja kuamua kama tutakwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya Kakamega. Naibu wa mwalimu mkuu anataka shule ipeleke mradi wa kutengeneza sabuni, kama kila mwaka. Nimechoka na sabuni.

Jumanne, 9 Februari
Nyota changa huzungukwa na sahani ya vumbi. Sayari inayozaliwa humo hulizoa na kulisukuma, ikaacha njia tupu. Nimejaribu kuonyesha kwa unga kwenye sinia. Aibu tupu.

Jumatano, 10 Februari
Nimecheka peke yangu. Mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Ekero, alimfunga kuku kwenye kigingi uani, palipomwagika pumba za mahindi. Kuku mkaidi huyo. Anaivuta kamba hadi mwisho, anazunguka huku akichakura. Jioni nikakuta njia ya duara, safi kabisa. Pumba ndani, pumba nje. Kigingi ndicho nyota, kuku ndiye sayari! Nilipomwita Nanzala, mwenyekiti wa klabu, aje aone, alirukaruka. Naibu, nilipomsimulia, hakucheka.

Ijumaa, 12 Februari
Nimefika nyumbani mchana na mkaguzi, naibu na wasichana wangu, waione sayari yetu. Kigingi kipo. Kamba ipo. Kuku yuko sufuriani.

Kosa langu. Sikumweleza Mama kazi ya yule kuku, na kwake mgeni wa heshima haondoki bila ingokho, kuku wa kuchinjiwa. Nilitaka kulia. Mkaguzi akala obusuma, ugali wetu, akapewa firigisi kama inavyostahili mgeni, akanawa, kisha akauliza sayari iko wapi. Naibu alitabasamu. Nanzala ndiye aliyejibu.

"Umeikula, mzee. Lakini hata huko juu sayari yenyewe haionekani. Inaonekananga njia tu, na njia si ndiyo hiyo?"

Mkaguzi alicheka hadi akapaliwa. Halafu akatoka uani, akachuchumaa kando ya duara, akauliza maswali mpaka jua likaanza kushuka. Tunakwenda Kakamega. Naibu abaki na sabuni yake. Nina furaha hadi nimekosa usingizi.

Jumamosi, 13 Februari
Asubuhi tulivu. Mama ameamka kufagia ua, kawaida yake. Nilichungulia dirishani, roho mkononi. Alifagia kila mahali. Alipofika kwenye duara alisimama kidogo, akalizunguka, akaendelea upande wa pili.