Herufi Mbili Nilizozikata

Kambi ya Barabara,
Matai, Kalambo,
Rukwa.
8 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Herieth,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafika mstari huu. Hujambo? Magoti ya mama yako yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika, na upepo wa Ufipa unapenya hata makoti mawili. Wenyeji wanatembea na shati na kunicheka.

Ningekupigia simu, lakini kuna neno nataka ulione limeandikwa, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiingereza na mimi niliishia darasa la tano.

Alhamisi karani wetu, Calvin, alileta fomu za mkataba mpya wa kipande cha barabara ya kwenda Kasanga. Asiyesaini haendi. Yangu ilikuwa imeshajazwa: jina, umri, na mbele ya kazi, UNSKILLED. Unajua ninachofanya. Huu ni mwaka wa kumi na mbili napanga mawe ya mitaro. Jiwe lina uso na kisogo. Ukiliweka kisogo mbele, masika ya kwanza yanaling'oa. Mitaro yangu ya Mwimbi imepitiwa na maji misimu mitatu, halijatoka hata jiwe moja.

Nilimuuliza maana ya neno hilo. Akasema, "Skilled ni fundi. Hiyo ni kinyume chake. Mzee, weka sahihi, wenzako wanangoja."

Sasa kinyume nakijua. Kila siku stoo wanaandika load na unload, kupakia na kupakua. Lock na unlock, kufunga na kufungua. Nikamwambia, "Calvin, lori ambalo halikupakiwa, unaweza kulipakua?"

"Haiwezekani."

"Basi ufundi wangu nani aliupakua?"

Foleni nzima ilicheka. Baltazari, Mfipa ninayechanganya naye zege, akapaza sauti: "Labda uliudondosha njiani ukitoka kwenu Kibondo, kaka!" Hata mimi nilicheka. Calvin hakucheka. Alisema nimeelewa vibaya, hiyo ni un ya "hana", si un ya "kimetolewa".

Huenda yuko sahihi, utaniambia. Lakini nimeliwaza tangu siku ile. Maskini kwa Kiingereza ni poor, hawamwiti unrich. Mfupi ana neno lake. Hata mwizi ana neno lake. Mimi tu ndiye ninayeitwa kwa kitu wanachosema sina. Wamechukua neno la fundi wakalibandika un mbele, wakanipa. Na kama kweli ni un ya "hana", basi ni uongo, maana ninao.

Usidhani nagombania heshima tupu. Karatasi humtangulia mtu. Nilipotoka Mwimbi nilipewa barua ya kazi yenye neno hilohilo, nikaipokea bila kuuliza. Hapa Matai wakaisoma getini, wakanipa ndoo. Nilichota maji miezi minne, huku mtu asiyejua uso wa jiwe akipanga mtaro. Ulipobomoka ndipo wakaniita.

Basi Alhamisi nilichukua kalamu nikakata U na N. Ikabaki SKILLED, ikakaa vizuri tu. Nikasaini.

Calvin akang'aka, "Umeharibu fomu ya ofisi!"

Nikamjibu, "Sijaharibu, nimesahihisha."

Kesho italetwa fomu nyingine kutoka Sumbawanga. Nisaini kama ilivyo, au nifunge virago. Jana Baltazari alinifuata, safari hii bila utani. "Saini, kaka. Ugali hauulizi umeitwa nani." Simlaumu, ana watoto sita. Lakini mimi nimechoka, mpwa wangu, na watu wanadhani aliyechoka hukubali lolote. Mimi uchovu umenifanya nishindwe kubeba hata herufi mbili za ziada.

Zikija tena, nitazikata tena. Wakinifukuza, utaniona mlangoni kwenu, nawe utanisahihisha sarufi yangu uso kwa uso. Usimwambie mama yako mpaka tujue.

Wasalimie mama yako dada Scola, mumeo Steven, na Avelina mdogo. Mungu awalinde, awape mvua kwa wakati wake na afya ya kuilimia.

Mjomba wako, nikupendaye sana,
Meshack,
Fundi wa mawe.