Maji ya Siku Mbili

Ghorofa ya Pili, Juu ya Duka la Mapazia,
Mtaa wa Daraja.
Jumapili, tarehe 12 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo, na watu wa nyumbani kwako hawajambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka? Mimi ni mzima. Goti linalalamika ngazini, lakini cherehani haina habari na goti langu, kwa hiyo kazi inaendelea.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimeelewa kwamba bosi wako ameisogeza likizo hadi Septemba. Sikulaumu. Ila sitakuficha: nilinuna siku mbili nzima, na mapazia ya watu nikayashona juu chini.

Unajua nilivyojiandaa kwa safari yetu ya mtumbwi. Tangu Mei, kila asubuhi kabla sijafungua duka, nilikwenda darajani kusoma kipimo cha maji kwenye nguzo, nikaandika kwenye kalenda. Yakizidi mita mbili, mto hauna masihara. Yakishuka chini ya sentimita themanini, ni mawe matupu. Siku zetu nne za Julai ziliangukia katikati barabara. Septemba itakuwa mawe.

Basi jana nikaushusha mtumbwi peke yangu. Usinigombeze. Tangu shemeji yako atutoke, miaka miwili sasa, ulikuwa haujagusa maji. Kiti cha mbele nilikiwekea gunia la mchanga ili pua isinyanyuke, nikapambana na mkondo hadi kile kisiwa cha matete. Njiani nikajikuta naliambia gunia, "Angalia jiwe, kushoto!" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni.

Kisiwani nikala, usingizi ukanipitia. Kuamka saa nane, maji yamekimbia. Kumbe Jumamosi hufunga malango ya bwawa la huko juu ya mto, nami sikuwa nimeuliza. Mtumbwi umekaa juu ya kokoto kama kuku anayeatamia.

Mama mmoja mchimba mchanga akaniita kutoka ukingoni: "Dada, mwenzako yuko wapi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikamjibu, "Yuko nyuma, anakuja."

"Basi tumsubiri. Tukiwa watatu tutauinua."

Akaweka koleo chini, akavuka, maji yakimfika magotini, akaketi kando yangu. Akanigawia maji yake ya kunywa. Kila alipotazama upande wa chini wa mto, nami nilitazama, kana kwamba kweli kuna mtu atatokea. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Mwishowe nikashindwa.

"Mama, hakuna anayekuja."

Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Haya, shika nyuma, mimi nashika mbele." Tukauburuta hadi penye kina. Nikarudi na mkondo huku nikilia, mimi mtu mzima na nywele zangu nyeupe.

Leo nimempigia simu mlinzi wa bwawa. Anasema Septemba watakuwa wakifungua malango Jumanne na Jumatano tu, kwa ajili ya mashamba ya huku chini. Safari ya siku nne basi imekufa. Siku mbili zinawezekana, hadi kwenye kivuko, tukianza Jumanne alfajiri.

Nakuomba jambo moja, mdogo wangu. Usiniahidi kwa kunionea huruma. Kama huji, niandikie kwamba huji. Hilo nitalizoea, kama nilivyozoea mengine. Jana niligundua kwamba siwezi tena kumngoja mtu ambaye najua hayupo njiani.

Nisalimie wifi yangu, na wale mapacha, waambie shangazi yao anawakumbuka kila mmoja kwa fujo zake. Mungu akulinde huko uliko, na akupe mkate wako bila kukuchosha mno.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Da Mkubwa