Moto wa Samadi Huku Mwese

Mdogo wangu Tausi, hamjambo nyumbani?

Mvua ya Mwese imelowesha kuni zote, lakini rafiki yangu Kabula anapikia gesi ya samadi. Vijidudu wanachachusha samadi shimoni, na hewa inayotoka, ambayo ingepanda angani kuzidisha joto duniani, inawaka jikoni. Mama mkwe wake alikuwa akigoma kabisa: "Siwezi kunywa chai ya mavi!" Leo baridi ilimshinda, akaingia jikoni, akanywa. Akautazama ule moto wa buluu bila chozi la moshi.

"Kumbe mtu anaweza kupika macho wazi," akasema taratibu. "Mama yangu alikufa akikohoa moshi."

Nikamwaza mama yetu na moshi wa kuni zake. Mfungulie dirisha la jikoni, tafadhali, mpaka nirudi. Nawapenda nyie wote.

Dada yako, Sara