Mguu wa Mzee Chirima na Ahadi za Vyama Vidogo

Jumapili. Mvua ya masika inanyesha tangu alfajiri, na uwanja ulio mbele ya zahanati umegeuka dimbwi. Alhamdulillahi. Leo hapatakuwa na mkutano wa siasa.

Nimechoshwa na siasa. Najua mwaka huu, tunapoambiwa kwamba uhuru umefika mlangoni, mtu akisema hivyo huonekana msaliti. Basi na nionekane.

Mke wangu Mwanaisha ana kaka yake aitwaye Salimu, fundi wa cherehani hapa Diani, na Salimu ni mwenyekiti wa chama. Si vile vyama viwili vikubwa vinavyotajwa redioni. Chake ni kidogo, hata wanachama wote wakikaa barazani kwangu, Mwanaisha bado anapata mahali pa kuanika nguo. Watu wanakiita Mtungi, kwa sababu ya alama yake ya kura. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko hivyo, kisha kikapasuka, na walioondoka wakaunda Kikapu chini ya Bwana Mwinyi, dalali wa nazi.

Walichogombania ni hospitali. Salimu anataka watu watibiwe bure na serikali ya Nairobi ilipe. Bwana Mwinyi naye anataka watu watibiwe bure, lakini jimbo la Pwani ndilo lilipe, kutokana na ushuru wa bandari, na waliotoka bara wajilipie wenyewe. Kwa neno hilo moja wameacha kuzikana.

Mimi ni dresa. Nafunga vidonda, napiga sindano, natoza ada ya Baraza la wilaya kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa, na kila siku naona watu wanaogeuka mlangoni kwa sababu ya ada hiyo. Hakuna anayehitaji kunihubiria habari za matibabu ya bure. Kama lingekuwa langu, ningekwisha kulifanya zamani.

Lakini si langu, na si la Salimu pia. Hilo ndilo linalonipandisha hamaki.

Tangu Salimu aanze kupita vijijini akisema kwamba bendera ikishapanda hakuna atakayelipa hospitali, wagonjwa wangu wamepungua. Nilidhani watu wamepata afya. Kumbe wanangoja.

Mzee Chirima alikuwa mmoja wao. Ni mkulima wa mihogo na mikorosho, anakaa upande wa ndani, njia ya kwendea Kwale. Jembe lilimkata mguuni alipokuwa akipalilia. Mara ya kwanza alikuja, nikamwosha kidonda, nikamwambia asikose kurudi. Hakurudi.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, Mtungi na Kikapu wakafika uwanjani kwa wakati mmoja, kila mmoja akidai kuwa ameupata uwanja yeye kwa D.O., afisa wa wilaya. Walibishana mpaka karani wa D.O., aliyekuwa amesimama na askari wake chini ya mwavuli, akawaambia wapokezane. Salimu akapanda juu ya meza akaahidi. Akashuka, akapanda Bwana Mwinyi, akaahidi zaidi. Nilikuwa mlangoni pa zahanati nikiwasikiliza, mikono mitupu, sina mgonjwa hata mmoja.

Ndipo nilipomwona Mzee Chirima amekaa mbele kabisa, mguu ameuviringa kitambaa cha kaniki. Nikamwendea. Kabla sijamfikia niliipata harufu.

"Shikamoo, mzee. Mbona hukurudi?"

"Marahaba, Bwana Dresa. Nangoja uhuru."

"Uhuru na mguu wapi na wapi?"

"Si shemejio amesema itakuwa bure? Nilipe leo kitu ambacho kesho napewa? Mimi si mjinga."

Alikuwa anatetemeka kwa homa na anatabasamu. Mkewe, Bi Mejumaa, aliyekuwa nyuma yake, alitikisa kichwa. Naona alikuwa amekwisha kulisema hilo mara nyingi kuliko mimi.

Nilikwenda kwa Salimu, nikamvuta kando. Nikamwambia, mwambie huyu mzee aingie ndani sasa hivi, anakuamini wewe kuliko mimi. Salimu akautazama ule mguu, na uso ulimshuka. Sitamsingizia. Lakini kisha akageuka akamtazama Bwana Mwinyi pale mezani.

"Nikisema akalipe leo, Kikapu watasema nimekula maneno yangu. Ningoje kidogo, shemeji. Tumalize mkutano."

Tumalize mkutano!

Sikumbuki vizuri nilivyopanda ile meza. Nakumbuka Bwana Mwinyi akinishika kanzu na mimi nikiivuta. Mfanyakazi wa Baraza haruhusiwi kusema neno kwenye mkutano wa siasa, na karani wa D.O. alikuwa hatua chache kutoka nilipo. Nilisema hata hivyo.

"Jamani, hakuna ajuaye siku. Si Salimu, si Bwana Mwinyi, si mimi. Huenda ikawa bure, nami naomba iwe. Lakini mwenye homa ana homa leo, na mwenye donda, linaoza leo. Ingieni ndani. Leo simtozi mtu."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wapasuke, Mtungi na Kikapu wakawa kitu kimoja: wote walinizomea. Mmoja akaniita kibaraka wa wakoloni. Mwingine akauliza ni chama gani kilichonituma.

Mzee Chirima hakuondoka pale. Alikuwa akimtazama Salimu, akingoja neno lake. Bi Mejumaa ndiye aliyemshika kwapani, akamwambia kwa Kidigo, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba yeye hakuolewa na bendera, ainuke. Akainuka. Watu wakacheka, na katika kicheko hicho mwanamke mmoja akaingia zahanati na mtoto wake mgongoni, kisha mwingine, na uwanja ukaanza kupungua.

Nilipokifungua kile kitambaa nilijua kazi si yangu tena. Nilimsafisha, nikampiga sindano, nikatafuta lori linalokwenda Msambweni, kwenye hospitali. Lililopatikana lilikuwa la Bwana Mwinyi, la nazi. Alilitoa bila kusita, na Salimu akapanda nyuma, akampakata mzee njia nzima, akimwinua mguu usigonge. Hao ndio watu wenyewe. Ukitaka kuwachukia, hawakuachi uwachukie sawasawa.

Habari zimefika jana. Mguu umenusurika, lakini vidole viwili vimekatwa. Daktari amesema angekawia kidogo tu tungekuwa tunazungumzia goti, au mazishi.

Leo asubuhi nimesikia kwamba Kikapu wanatangaza kuwa walimpeleka mgonjwa hospitali bure kwa lori la chama. Mtungi nao wanatangaza kuwa mwenyekiti wao ndiye aliyempakata, na kwamba siku ile zahanati ilitibu watu bure kwa juhudi zao. Mimi nimepata barua ya kuitwa Kwale kesho, nikaeleze kwa nini nilisimama mezani na kwa nini sikutoza ada.

Mchana Salimu alikuja kula. Alinawa, akakaa, akala wali wa Mwanaisha. Alipomaliza akasema polepole kwamba amekwenda kwa Bi Mejumaa kuomba radhi, na kwamba toka leo atawaambia watu waende hospitali kwanza, siasa baadaye. Nikalainika. Kisha akaniuliza kama ningependa kuwa katibu wa Mtungi, maana nasema vizuri juu ya meza.

Nilitoka nje nikasimama mvuani.

Nao wana haki, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Vyama vikubwa vinazungumzia bendera na viti, na hawa wawili wasiojaza baraza ndio peke yao wanaozungumzia mguu wa Mzee Chirima. Wanauzungumzia vibaya, kwa ugomvi, na nusura waumalize. Lakini wanauzungumzia.

Kesho nitakwenda Kwale, na nikiulizwa nitasema nilivyosema. Ukatibu sitauchukua. Ila siku ya kura, Mungu anisamehe, nitautia Mtungi alama, na Salimu hatalijua hilo mpaka naingia kaburini.