Unga wa Mlenda Aliokula Mama

Iguguno, Mkalama,
Singida.
23 Julai 2024

Mpendwa wifi Winfrida,

Shikamoo wifi yangu mkubwa. Mnaendeleaje huko Newala? Ule mguu ulioteguka umepona, au bado unachechemea na kujifanya huumwi? Shemeji Calist hajambo? Na Pendo, bado anakataa uji? Sisi tumo. Baridi ya mwezi huu inatupasua midomo, lakini hakuna aliyelala kwa homa. Alute ameng'oka meno mawili ya mbele. Kaka yako Emilian yuko salama na duka lake la dawa.

Miili ni mizima, wifi, ila mimi nimechafukwa na roho tangu Jumatano. Kwenye simu siwezi kusema, maana nyumba yetu unaijua, ukinong'ona chumbani wanakusikia uani. Ndiyo maana nimekaa na karatasi.

Mama yangu amekuja kutoka kwetu Madurai, India, yuko hapa wiki ya tatu. Unakumbuka siku ya harusi yetu jinsi viti vya upande wangu vilivyokaa vitupu. Miaka kumi na miwili hakutaka hata kulisikia jina la Emilian. Sasa amekuja mwenyewe, na miaka yake sitini na tisa. Nikajiambia, akila vizuri nyumbani kwangu atanisamehe. Akishindwa kula, atarudi na kinyongo chake kilekile. Nawe unajua mama huyu hajawahi kutia mdomoni nyama, samaki wala yai tangu azaliwe.

Basi nikaanza kuhangaika na mboga. Wifi, gulio letu la barabarani limezidi kuwa kinyaa. Yule mwenye bilinganya anatemea mate kwenye kitambaa, anazing'arisha moja moja, kisha anakukaribisha kwa tabasamu. Jirani yake ana ndoo ya maji ya kunyunyizia mchicha. Nilichungulia ndani nikaona maji yamekuwa ya kijani na nzi wanaogelea. Nyanya zimepangwa mafungu, nzuri juu, za chini zimeoza zinatoa povu. Na malori yakipita yanatumwagia vumbi lote. Miaka yote hii naishi hapa na bado nikifika pale natembea nimeziba pua.

Nao hawanipendi, kwa sababu ya bamia. Kwetu hununui bamia kabla hujavunja ncha. Ikikatika kwa mlio ni changa, ikijikunja ni kamba. Hapa nikivunja moja tu linapigwa yowe, "Mama Mhindi, ukivunja umenunua!" Wanawake wanasimama kunitazama kama mwizi.

Ni Scholastika peke yake aliyenielewa. Yule mwembamba anayekaa karibu na mashine ya alizeti, ulimwona mlipokuja Pasaka. Yeye ndiye anayenipasulia bamia mwenyewe nisikie mlio. Hata makarela, yale matango machungu ya kwetu, anayapata sijui wapi. Nilimfundisha kuchuma mlonge ungali mchanga, yale maganda marefu ya kijani tunayotia kwenye mchuzi wa dengu, na watu wakamcheka kwamba anamuuzia Mhindi chakula cha mbuzi. Hakujali. Alipoona mama amekuja, akampigia magoti kumsalimia, akampa mfuko wa unga wa mlenda, majani aliyoanika na kutwanga kwa mkono wake. Akakataa malipo.

Wifi, mama alivyoupenda ule mlenda! Alikula mchana, akala jioni. Alisema unanukia kama mboga za kuanikwa za bibi yake kijijini. Siku ya tano alimwita Emilian "mwanangu" kwa Kitamil, na kaka yako asiyejua hata neno moja akaelewa. Nililia jikoni kwa furaha. Mama akaniagiza nimtafutie kilo mbili, awapelekee dada zake.

Jumatano nikaenda kwa Scholastika kuuchukua. Nilimkuta uani, anatwanga. Nikainama kuonja kwa kidole, nikaona kwenye kinu kitu kinang'aa. Kilikuwa kichwa cha dagaa, jicho limenikodolea. Pembeni kulikuwa na ungo umejaa wengine, wameanza kuvunda kwa unyevu, nzi wamewagandia.

Nikauliza hii ni nini. Akafurahi, akadhani nataka siri ya utamu wake.

"Mama Alute, nimekuwa namwekea bibi tangu ule mfuko wa kwanza. Mtu mzima vile, mgeni wa mbali, nimpe majani matupu? Si nitakuwa nimemdharau? Kuku sina. Nikasema ngoja nimfichie dagaa humo, apate nguvu. Na umeona, si amenawiri?"

Nilitapika hapohapo kwenye mashina ya mihogo yake. Yeye akanishika mgongo, akaniuliza kama nina mimba.

Siwezi kumchukia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Amefanya vile mtu wa huku anavyomfanyia mgeni anayemheshimu. Kosa ni langu, kwa miaka yote hii nimemwambia Wahindi hatupendi nyama. Sikumwambia kwamba kwa mama ni kiapo.

Emilian nilimweleza, akacheka. "Dagaa nao ni nyama? Vidogo vile! Nyamaza tu, anaondoka Jumamosi ijayo." Nilimwona mchafu, wifi, samahani ni kaka yako, lakini nilimwona mchafu. Nikafikiria mama anavyofika kwao na ule mfuko, anawapakulia dada zake wazee, wote wenye kiapo kama chake. Nikaona kunyamaza ni uchafu kuliko ule ungo.

Nikamwambia mama jioni ileile. Aliweka mikono mapajani. Nilingoja amtukane Scholastika. Hakumtaja. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mimi sijui samaki anavyonuka. Wewe ulionja kila siku. Ilikuwaje hukusikia?"

Ni kweli sikusikia. Pua yangu imezoea. Nikamjibu nimeanza kula samaki tangu mimba ya Alute, huu mwaka wa nane. Sikuongeza kwamba katika barua zote nilizomwandikia nilimdanganya kuwa sili. Alishajua.

Hakupiga kelele. Siku ya pili alifunga. Tangu hapo anapika peke yake uani, kwenye sufuria mpya aliyoniagiza. Akiivisha ananipakulia, ananihimiza nile, anasema nimekonda. Lakini jana nilichota wali niliopika mimi nikamwekea sahanini, naye akaisogeza taratibu kwa Alute, akasema ameshiba. Alikuwa hajala kitu tangu asubuhi.

Najionea kinyaa mwenyewe, sitakuficha. Nikinawa mikono naiona haitakati.

Nisalimie shemeji Calist, umwambie mbegu za alizeti nitazituma kwa basi. Mbusu Pendo. Mama mkwe Martha yuko Kinampanda, alikuja Jumapili na karanga, anakusalimu sana na analalamika humpigii. Alute naye anakusalimu kwa mapengo yake.

Mama yangu pia anakusalimu, anasema ana hamu ya kumwona wifi aliyenitunza wakati wa mimba, nilipoishiwa damu. Usiku ule wa Jumatano aliniuliza ni nani aliyenilisha dagaa mara ya kwanza. Nilimwambia nilichukua mwenyewe, sikukutaja.

Mungu akuponye mguu na akuzidishie siku.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama dada wa tumbo moja,

Revathi (Mama Alute)