Kikuba Nilichompa Mwalimu Ummulkheir

Bi Ruqaiya mpendwa, shikamoo. Mimi ni Mwambire, mkulima wa Ganda, nje kidogo ya Malindi, na msomaji wa safu yako ya ushauri, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimelivuruga jambo zuri kuliko yote yaliyowahi kunipata.

Nianze na hilo zuri, uniwie radhi nikijisifu. Binti yangu Nyevu amepata A katika mtihani wa kidato cha nne, A kamili, Bi Ruqaiya, si ya kubahatisha, na ameitwa chuo kikuu kusomea udaktari, Nyevu huyu huyu aliyekuwa akisoma kitabu huku anapukuchua mahindi, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuitwa daktari isipokuwa kwa mzaha. Aliyemfikisha hapo ni mwalimu wake mkuu, Mwalimu Ummulkheir, mke wa Bwana Zubair wa mjini Malindi, ambaye mara tatu alikuja kwa miguu mpaka nyumbani kwangu kuniambia nisithubutu kumkatiza mtoto masomo. Basi shule ilipoandaa sherehe ya kuwapongeza watahiniwa nikasema siendi mikono mitupu, wenzangu wote watapeleka yale mataji ya karatasi ya kumetameta, mimi nitapeleka maua ya kweli na kadi ya kweli.

Nikaenda mjini kwa mama mmoja anayetunga asumini, nikamwambia nataka maua mazuri kupita yote uliyo nayo, ni ya mwanamke aliyenifanyia jambo kubwa. Akacheka, akasema, "Mkeo ana bahati, baba." Nikaona haya kumsahihisha, nikajibu ahsante. Akanipa kikuba, kile kishada kidogo cha asumini na mrehani cha kubandikwa kifuani, kinanukia mpaka watu njiani wanageuka. Kwenye duka la kadi nikachagua yenye moyo mwekundu na maandishi ya dhahabu: "Kwako kipenzi, bila wewe maisha yangu yangekuwa giza." Nikasema eh, hili ndilo neno lenyewe, maana bila Mwalimu kweli ingekuwa giza tupu!

Siku ilipofika mwalimu Gerishom, aliyekuwa mshereheshaji, akaisoma kadi yangu kwenye kipaza sauti, yote, mpaka jina langu, na mimi nimeshafika mbele, nimenyoosha mkono nimbandike Mwalimu kikuba kifuani, na mumewe Bwana Zubair amekaa mstari wa kwanza. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Kina mama wa mjini wakashika midomo, mmoja akasema, "Makubwa haya!" Na mimi, Mungu wangu, nikadhani wanafurahi, nikawapungia mkono.

Tangu siku hiyo mke wangu Linet ananiwekea chakula kisha anakwenda zake jikoni, na jana akaniambia, "Kumbe una maneno matamu, mimi tu ndiye sijawahi kuyasikia." Nyevu anaondoka wiki ijayo na amekataa kwenda kumuaga mwalimu wake kwa aibu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Halafu Bwana Zubair amepiga simu: "Jumapili baada ya alasiri, njoo nyumbani." Akakata simu. Nimefikiri nisiende, nimtumie Mwalimu kadi ya kuomba radhi pamoja na mawaridi mekundu. Nifanyeje?

Mwambire, Ganda

*

Marahaba, Mwambire. Kwanza hongera! Nilipofika kwenye A ya Nyevu nilisimama na barua mkononi nikapiga kigelegele peke yangu. Kisha nikaendelea kusoma, nikaketi.

Mawaridi mekundu? Wewe baba! Moto haujazimika, unataka kuongeza mafuta ya taa?

Sikiliza. Kikuba kwetu Waswahili wa mjini ni cha mke na mumewe. Mwanamke hukivaa akijipamba kwa ajili ya mume, au hupewa na wanawake wenziwe harusini. Mwanamume akikibandika kifuani kwa mke wa mtu, ametangaza jambo, na wewe ulitangaza kwa kipaza sauti. Najua hukujua. Lakini yule mtunga maua alikupa nafasi ya kusema ukweli, wewe ukaona haya dakika moja, ukamtia mwenzio aibu ya mji mzima. Hapo umekosa, tena sana.

Jumapili utakwenda. Uende na Linet na Nyevu, ili Bwana Zubair aone nyumba nzima imekuja. Mpe mkono, umueleze yeye kwanza, kisa chote, hata lile la "mkeo ana bahati", bila kujitetea. Mtu mwenye nia ya kugombana hakuiti nyumbani kwake alasiri, na nakuhakikishia kahawa itakuwa tayari.

Maua? Rudi kwa mama yule yule. Safari hii mwambie nani anampa nani, na kwa sababu gani. Mtunga asumini ukimwambia hilo hakosei. Agiza koja, ule mkufu mrefu wa maua anaovishwa mtu wa kuheshimiwa, kama anayerudi kutoka Hija. Atakayemvisha Mwalimu ni Linet, wewe mikono yako iweke magotini. Kisha nunua na kikuba kimoja, kiwe cha Linet, umbandike mkiwa kwenu wawili, na maneno ya ile kadi umwambie yeye. Miaka yote hiyo hajayasikia! Huoni vibaya?

Kadi ya Mwalimu usinunue. Nyevu achukue karatasi nyeupe aandike mwenyewe, kwa mkono wake, kile alichofanyiwa na mwalimu huyu. Asikatae. Mwambie mimi nimesema daktari hakimbii aibu ya babake.

Na usijione mjinga. Wazazi wangapi hawalijui hata jina la mwalimu wa mtoto wao? Wewe ulitoka Ganda, bila shaka umevaa shati lako zuri, ukatafuta asumini. Omba radhi kwa ajili ya kile kikuba, lakini fahari uliyokuwa nayo usiiombee radhi kwa mtu yeyote, mimi mwenyewe ninayo tangu nilipofungua barua yako.

Nyevu atakapomkabidhi Mwalimu ile karatasi, huenda machozi yakakutoka. Usiyafute. Ndiyo hayo hasa uliyotaka kumpelekea siku ile, ukaenda kuyatafuta dukani.